Ritifaa katika Majina ya Kiingereza: Ufafanuzi kwa Waandaaji wa Nyaraka

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko kwamba dawati letu la uhariri hurudisha nyaraka za Kiingereza kwa sababu ya "kialama kidogo", yaani ritifaa ('), tunaona ni vyema kueleza msingi wa uamuzi huo.

Katika "Nyerere's speech", mmiliki hukaa mahali pa "the", na ndiyo maana "the Nyerere's speech" haikubaliki. Katika "the Nyerere government", jina hilohilo linafanya kazi ya kivumishi tu, kwa kutaja ni serikali ipi; hapo "the" hubaki, na ritifaa pamoja na "s" yake huondoka. Vivyo hivyo, Julius Nyerere International Airport ni uwanja uliopewa jina kwa heshima, wala hakuna anayetajwa kuumiliki.

Dhana kwamba kila "s" ya mwisho inadai ritifaa imetuchosha. Tume ya walimu ya Kenya imeandikwa Teachers Service Commission katika Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 2010, bila ritifaa. Anayeiongeza kwa nia ya kusahihisha amebadilisha jina la chombo cha kikatiba. Ni kweli kwamba Waingereza wenyewe hawana msimamo mmoja: katika reli ya chini ya ardhi ya London, kituo cha Earl's Court kina ritifaa na jirani yake Barons Court hakina, kama ambavyo soko la bima la Lloyd's linayo na benki ya Lloyds haina. Nchini Marekani, bodi ya majina ya kijiografia, iliyoanzishwa mwaka 1890, huepuka ritifaa ya umiliki, ingawa Martha's Vineyard iliruhusiwa kuwa nayo mwaka 1933. Kwa hiyo, katika sentensi zenu fuateni sarufi, lakini jina rasmi linakiliwe kama lilivyosajiliwa.

Waraka ukirudishwa, marekebisho yafanywe kwenye nakala ya kompyuta na si kwa kalamu, kurasa zote zichapishwe upya, aliyesaini awali asaini tena, kisha nakala yenye maoni yetu iambatishwe. Jina likiwa limekosewa pia kwenye viambatisho, navyo virekebishwe, kwa kuwa waraka usiolingana na viambatisho vyake haupokelewi. Tarehe ya kupokelewa itakuwa ile ya kuwasilishwa upya, hata kama kilichokosewa ni ritifaa moja.