Nyumba Haina Mapafu

Wiki hii nimeambiwa tena: "Fundi, usizibe sana, nyumba lazima ipumue." Wanaopumua ni watu. Nyumba inahitaji kubadilishiwa hewa, na kuiachia nyufa kazi hiyo ni kosa.

Imani hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Ujerumani, aliziba nyufa za chumba, akaona hewa bado inabadilika, akahitimisha kwamba inapita kwenye matofali. Lakini ukuta wa matofali uliopigwa plasta vizuri hupitisha hewa kidogo mno. Njia alizoshindwa kuziona ndizo ninazozifukuzia kila siku: kando ya fremu, nyuma ya swichi, pale ukuta unapokutana na dari.

Ufa haujui una watu wangapi ndani. Upepo ukivuma unakumwagia hewa usiyoihitaji. Upepo ukitulia, hewa ya chumbani inachacha. Penye baridi, hewa ya joto hupanda na kutorokea darini, na ya baridi huingia chini kuchukua nafasi yake. Tena hewa hiyo inayotoroka hubeba mvuke mwingi kuliko ule unaopenya polepole kwenye plasta. Mvuke ukigusa ubao baridi unageuka maji, halafu ubao unaota kuvu. Penye joto na kiyoyozi mambo hugeuka: unyevu wa nje huingia na kugeuka maji nyuma ya ukuta uliopozwa. Nimefumua kuta za namna hii, na mwenye nyumba akalaumu pamba ya glasi, ile inayowekwa ukutani kuzuia joto lisipite. Pamba haikuwa na kosa. Hewa ilikuwa inapita katikati yake.

Basi ziba, kisha weka feni ya kutoa na njia ya kuingiza hewa. Kama kuna jiko au hita inayowaka moto ndani, ipatie kwanza hewa yake na bomba la moshi. Hapo sibishani na mtu, kwa sababu kaboni monoksidi inaua.

Vipimo vya uvujaji wa hewa navyo visikutie kiburi. Tunapima kwa feni inayofungwa mlangoni, ikileta tofauti ya shinikizo la hewa ya paskali 50 kati ya ndani na nje. Kiwango cha Passivhaus, cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ni hewa isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa. Kukisia uvujaji wa siku ya kawaida, wengi hugawanya jibu la kipimo hicho kwa 20. Nami hugawanya, ila siiamini sana: nyumba mbili zenye jibu moja, ya bondeni na ya kilimani, hazivuji sawa.

Siku ya upepo, weka mkono wenye majimaji mbele ya swichi ya ukuta wa nje. Ukihisi ubaridi, anza kuziba hapo.