Waya unapita juu ya paa, ndani bado koroboi

Kila mara tukipata mchezaji mupya kwenye meza yetu ya michezo ya wahusika hapa Bukavu, ile kila mtu anaigiza mtu wa kuwazwa na mimi naongoza hadithi, mbele hata ajue dadu ya pande ishirini inatupwa wakati gani, ananiuliza: yaya, kwenye hii dunia yako uchawi ni mwingi ao ni kidogo? Miaka ya kwanza nilikuwa najibu tu "kiasi" na tunaendelea. Siku hizi nasimama hapo hapo namuuliza, mwingi kwa nani? Ju nimeongoza hii michezo ya wahusika miaka kumi na mbili, kwanza na fotokopi za Kifaransa zilizofifia mpaka namba huzioni, sasa na PDF kwenye simu ya kioo kimepasuka, na nimeona wengi wanajibu hilo swali kwa kuhesabu watu wenye kujua sorti (kitendo kimoja cha uchawi), mmoja kwa mia, mmoja kwa elfu, na hiyo hesabu haimsaidii mwanakijiji hata kidogo.

Angalia Ruzizi. Mto unatoka ziwani hapa hapa kwetu, barazhi (mabwawa ya umeme) ziko hapo chini, umeme unazaliwa mlangoni petu. Ukishuka na barabara utaona waya zinapita juu ya vijiji, na chini ya zile waya kuna mama anawasha koroboi. Mtu wa mbali ukimuuliza kama kule kuko umeme atakwambia ndiyo, si barazhi iko pale pale? Muulize huyo mama. Kinkina pia ni vilevile, ule mti wa kwinini unalimwa kwenye milima ya Kivu tangu wakati wa Wabelgiji, mtu anaweza kupita kati ya miti yake kila asubuhi na usiku mtoto wake akatetemeka na homa bila kidonge. Kwenye dunia nyingi za michezo uchawi unakaa namna hiyo hiyo, unapita juu.

Kwa hiyo mimi sihesabu wachawi. Nahesabu siku za kazi na siku za kutembea, halafu najiuliza kama mwenye hiyo nguvu anaweza kusema hapana.

Tuanze na siku za kazi, tuchukue Dungeons & Dragons ju njo wengi wanaijua, ilitoka 1974 kwa mikono ya Gary Gygax na Dave Arneson na hii mingine yote ni watoto na wajukuu. Kwenye toleo la tano, lile la 2014, kibarua asiye na ufundi analipwa sarafu 2 za feza kwa siku. Chupa ndogo ya dawa ya kuponya, ile wachezaji wanakunywa kama soda katikati ya vita, ni dhahabu 50. Dhahabu moja ni feza 10, basi chupa ni feza 500, ni siku 250 za kubeba mawe bila kula, bila kununua chumvi, bila kulipa deni la mtu. Na kitabu hicho hicho kinasema maisha ya kimaskini yanakula feza 2 kwa siku. Soma tena: anapata 2, anakula 2. Hiyo chupa hataigusa hata zikiwa zimepangwa dukani kumi kumi, hata muuzaji akiwa shemeji yake (bon, shemeji labda atamkopesha, ndipo vita ya familia inaanza, na hiyo peke yake ni hadithi ya wiki tatu).

Toleo la tatu lilikuwa nafuu kidogo: kasisi wa nivo 1 (ngazi ya kwanza kabisa) akufunge kidonda kwa sorti ni dhahabu 10, lakini kibarua wakati ule alikuwa anapata feza 1, kwa hiyo bado ni siku 100. Sababu iko wazi ukiangalia vizuri. Zile bei ziliandikwa kwa watu wanaotoka mapangoni na magunia ya dhahabu mgongoni, ni bei ya hoteli ya kando ya ziwa, hakuna aliyekaa kuwaza mlimaji.

Utaniambia kasisi atamponya bure, ni kazi ya Mungu. Sawa. Lakini kwenye toleo la tano kasisi wa nivo 1 ana sorti mbili za daraja la kwanza kwa siku, baada ya hapo mpaka alale. Kijiji cha watu 400, vidonda viwili kwa siku, na hapo hatujasema wa vijiji vya jirani ambao wamesikia. Mimi kwenye meza naiweka kama asubuhi ya sentre ya afya: watu wamefika saa kumi ya usiku, mama ameacha jiwe kwenye mustari na ameenda kuchota maji, jiwe linamshikia nafasi, halafu anakuja mtoto wa chefu wa kijiji na kidole kimekwaruzika. Kasisi afanye nini? Wachezaji wangu waliwahi kubishana juu ya lile jiwe saa nzima, hawakufika pangoni siku ile.

Na kitu kingine, kwenye hilo toleo la tano sorti ya kufunga kidonda haiponyi ugonjwa. Hapana hata kidogo. Kuhara, homa, kikohozi, vyote vinataka sorti ya daraja la pili, na hiyo inataka kasisi wa nivo 3, na kijiji chako kidogo hakina. Kwa hiyo kunaweza kuwa kasisi wa kweli mwenye nguvu za kweli, na watoto bado wanaharisha. Ukisahau hilo unaandika kijiji ambacho hakuna mtu anaumwa, na wachezaji wanakiona ni cha karatasi.

Sasa nije kwenye ile inayonisumbua usiku. Watu wote wanaongelea mpira wa moto, mpira wa moto, wakati sorti inayopindua dunia ni ile ya kukuza mimea. Daraja la tatu, druidi (mwenye sorti za pori na mimea) wa nivo 5 anaiweza. Akiifanya kwa haraka majani yanafunga njia, lakini akikaa nayo saa nane mfululizo, ardhi yote kwa nusu maili kuzunguka pale aliposimama inazaa mazao maradufu kwa mwaka mzima. Piga hesabu: duara hilo ni kama kilomita mbili za mraba, hektari 200. Siku moja ya kazi ya mtu mmoja! Hapa kwetu mtu analima kipande cha mteremko, sijui kama kinafika nusu hektari, hektari 200 ni kilima kizima na watu wake. Huyo druidi akitembea kijiji kwa kijiji kabla ya mvua za mwezi wa tisa, siku sitini, ameshibisha watu wa vilima sitini. Hauhitaji druidi katika kila kijiji. Unahitaji mmoja tu mwenye miguu mizuri.

Niliwaza nitafanya dunia yangu iwe ya raha kwa hiyo sorti, nikajaribu, na ikaenda vibaya kwa namna ambayo sikupanga. Maharagwe yakawa mengi, bei sokoni ikaanguka, gunia halikulipa hata mbebaji. Gala hazikutosha, fukusi wakala. Bwana wa ardhi ambaye alikuwa anachukua fungu moja kwa manne akasema sasa ni mawili kwa manne, ju ninyi mbona mnavuna mara mbili, na ukikataa druidi hapiti kwenu mwaka ujao. Kwa sababu, na hapa ndipo lile swali la kusema hapana linaingia, alikuwa amemjengea druidi nyumba nzuri na kumuwekea walinzi wa "kumlinda". Kilima cha upande wa pili kilichomkosea bwana kilivuna kawaida, yaani kilivuna nusu ya wenzake, na kawaida ikawa njaa. Uchawi ulikuwa mwingi kabisa kwenye ile nchi. Mimi mwenyewe ningesema mwingi.

Kuko dunia ambazo walioziandika waliliwaza jambo hili tangu mwanzo, na ukisoma unaona tofauti. Eberron ya Keith Baker, 2004, uchawi wake ni kazi ya fundi: taa za barabarani, treni ya umeme wa radi, nyumba kubwa za biashara zinazouza uponyaji kama kampuni. Sorti ndogo ndogo ziko kila mahali, zile kubwa ni haba. Ninaipenda, ila mlimaji wa kule bado anaiangalia treni ikipita. RuneQuest ya 1978, kwenye dunia ya Glorantha aliyoiwaza Greg Stafford, imeenda njia ingine na kwangu mimi njo nzuri kuliko zote: karibu kila mtu mzima anajua kasorti kake kutoka kwa mungu wa ukoo wake, ka kunoa mkuki, ka kufunga kidonda, hakuna anayeshangaa, ni kama kujua kusuka mkeka. Halafu Dark Sun ya 1991, kule uchawi unanyonya uhai wa mimea na ardhi inabaki majivu, basi kila mwanakijiji anamchukia mwenye sorti na ana haki, shamba lake njo bei.

Hapo nimegusa neno, lile la "mchawi", wacha niliseme. Tunacheza kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika Kifaransa, na kitabu kikisema "magicien" mtu atasema nini? Kijana mmoja alifika na mhusika wake kwenye kijiji cha kwanza, akasimama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti, "Mimi ni mchawi, nimekuja kuwasaidia!" Nikafunga milango yote. Mama wakabeba watoto, mzee mmoja akatoka na panga. Kijana ananiangalia, "Lakini yaya, mimi ni wa upande wa wema!" Nikamwambia ndugu yangu, umejitangaza mulozi saa sita ya mchana, ulitaka wakupe kiti? Meza yote ilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye karatasi zake.

Tangu siku ile nikaacha neno moja. Mwenye kuponya na kuagua ni mganga, watu wanamfuata hata kwa kutembea siku mbili. Mwenye kula watu usiku ni mulozi. Mwenye kutengeneza vitu ni fundi, na hata kama anatengeneza kwa sorti bado ni fundi tu. Wale waliosoma kwenye mnara mjini ni "wasomi", na wanaogopwa kidogo kama vile tunavyoogopa mtu mwenye mihuri. Hayo maneno yenyewe yanajibu karibu nusu ya lile swali la uchawi ni mwingi kiasi gani, ju kijiji kinaweza kuwa na watu watatu wenye nguvu na ukiuliza "hapa kuko mchawi?" wakakuapia kwa Mungu hakuna, na hawadanganyi.

Na wasio na sorti hawako wajinga. Wandugu wa Goma wanajua mazuku, zile hewa mbaya zinazolala kwenye mashimo na kuua mbuzi, na mchungaji hahitaji kuambiwa gesi inaitwaje, anajua asubuhi bila upepo hupitishi mifugo pale bondeni. Wanakijiji wangu wa kwenye mchezo nawapa maarifa ya namna hiyo kuhusu lile pori la wafu, usiingie umande haujakauka, basi, na wachezaji wenye vitabu vya sorti wanawadharau halafu wanajuta.

Safari tuliyo nayo sasa kuko kijiji kimoja, na ndani yake mama mmoja mwenye sorti moja tu, ile ndogo ya kuunga kilichovunjika. Dakika moja, ufa usiozidi sentimita 30 hivi, na hiyo sorti haiishi, anaweza kurudia kutwa nzima. Anaunga vyungu, majembe, mpini, kiatu. Bei yake ni yai moja, ao bakuli la maharagwe, ao umlimie kesho. Kwa kile kijiji ana thamani kuliko msomi yeyote wa mnara, mtu mmoja tu anamchukia, mfinyanzi.

Wiki mbili zilizopita wachezaji walimpelekea ngao iliyopasuka. Akaiunga. Wakamrushia dhahabu tano, wakacheka, wakaondoka. Jumamosi hii walirudi na wakakuta vyungu vilivyopasuka vimepangwa nje ya kila nyumba, mama amefunga mlango, anangojea wengine wenye ngao. Mfinyanzi njo alikuwa wa kwanza kuwakaribisha kula.