Walivuka mbuga kwa miguu

Picha tuliyoizoea ni hii: farasi wanatimua vumbi, familia imeketi ndani ya gari lililofunikwa turubai, na nyuma yao mishale ya wenyeji wa Amerika inapaa. Safari ya Oregon, ya wahamiaji waliokwenda kuishi magharibi mwa Marekani, haikuwa hivyo. Kati ya miaka ya 1840 na 1860, wengi wa waliotoka Missouri, jimbo la katikati ya nchi, kwenda magharibi, umbali wa kilomita 3,200 hivi, walitembea.

Sababu ni gari lenyewe. Bodi lake lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, na ndani mlijaa unga, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, kahawa, zana na matandiko. Tena halikuwa na springi. Kila jiwe lilimfikia abiria mgongoni. Maziwa yaliyoning'inizwa kwenye ndoo asubuhi yaliweza kutoa siagi jioni kwa mtikisiko tu. Nani apande hapo kwa hiari? Wagonjwa, wazee na watoto wachanga, basi.

Farasi nao hawakuwa wengi mbele ya magari hayo. Kilichofungwa nira zaidi ni maksai: wapole, wa bei nafuu, wanaoridhika na majani ya njiani. Mwendeshaji hakukaa juu akashika hatamu. Alitembea kando yao, mjeledi mkononi, kilomita 25 hivi kwa siku.

Na lile duara la magari usiku? Kwa kawaida lilikuwa zizi, mifugo isitoroke. Mashambulizi yalikuwepo, ila kipindupindu kiliua wengi kuliko mishale, na wenyeji mara nyingi waliwauzia wasafiri chakula au kuwavusha mito.