Kuweka mafaili D si kuwa na nakala ya akiba

"Mafaili yako weka D, C ikifa hayapotei." C ni sehemu ya hifadhi ya kompyuta inamokaa Windows, na D ni sehemu ya pili ya kuwekea mafaili. Ushauri huu mafundi wengi wameutoa kwa miaka, na haukutoka hewani. Windows ikigoma kuwaka, fundi hufuta C na kuisimika upya. Picha za harusi zilizokuwa D unazikuta palepale. Ndipo watu wakaiamini D kama sefu.

Lakini kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ni moja, imegawanywa tu. Hakikisha mwenyewe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management, kisha tazama sehemu ya chini. Ukiona C na D zimepangwa mstari mmoja ulioandikwa Disk 0, zinakaa kwenye kifaa kimoja. Siku kifaa hicho kikianza kugonga ta-ta-ta, au laptopu ikaibwa, au ikamwagikiwa chai, zote mbili zinaondoka pamoja. (Kompyuta ya mezani yenye diski mbili ina nafuu kidogo, ingawa radi haichagui.)

Nakala ya akiba hukaa nje ya mashine. Nunua diski ya nje, nakili, kisha ichomoe; ikibaki imechomekwa, virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia huifikia pia. Flashi inafaa kubebea kazi hadi steshenari, si kuitegemea miaka mitano. Na kabla hujaifungia diski kabatini, fungua picha mbili tatu uone kama zinafunguka.