Treuhand: ofisi iliyouza viwanda vya nchi nzima

Ukifuatilia siasa za Ujerumani, hasa uchaguzi wa majimbo ya mashariki, neno Treuhand halikawii kujitokeza, na mara nyingi hutajwa kwa uchungu. Ofisi yenyewe ilifungwa tarehe 31 Desemba 1994.

Jina lake kamili ni Treuhandanstalt. Ilikuwa mamlaka iliyokabidhiwa viwanda na mashirika yote ya umma ya Ujerumani Mashariki ili iyauze, iyakarabati au iyafunge. Wanaokumbuka ubinafsishaji wa Tanzania wa miaka ya 1990 wanaijua shughuli hiyo. Kilichotofautiana ni ukubwa na kasi. Treuhand ilianza na kampuni takriban 8,500 zenye wafanyakazi karibu milioni 4, katika nchi ya watu milioni 16, ikamaliza sehemu kubwa ya kazi ndani ya miaka minne na nusu.

Wengi hudhani ilibuniwa na mabepari wa Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati huo. Sivyo. Ilianzishwa Machi 1990 na serikali ya Hans Modrow, kiongozi wa mwisho wa serikali kutoka chama cha kikomunisti kule mashariki, kwa nia ya kuilinda mali ya umma isitapanywe. Baada ya uchaguzi wa mwezi huohuo kuleta serikali mpya, bunge la mashariki lilipitisha sheria tarehe 17 Juni, na tangu hapo kazi kuu ikawa kuuza.

Tarehe ya kuikariri, hata hivyo, ni 1 Julai 1990, siku maki ya magharibi, sarafu ya Ujerumani Magharibi, ilipoanza kutumika mashariki. Mishahara ilibadilishwa moja kwa moja: maki moja ya mashariki kwa moja ya magharibi. Wananchi walishangilia, na nani angewalaumu? Miezi michache kabla walikuwa wakiimba barabarani kwamba maki isipowafuata, wataifuata wao. Lakini kiwandani hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Ili kupata maki moja ya magharibi kwa kuuza bidhaa nje, uchumi wa mashariki ulikuwa ukitumia maki zake 4 na zaidi. Usiku mmoja gharama zikapaa, huku wateja wa zamani, Wasovieti na majirani zao, wakitakiwa kulipa kwa fedha ngumu wasiyokuwa nayo. Kwa maoni yangu, viwanda vingi vilikufa siku hiyo, na Treuhand ikaja kuandika vyeti vya kifo. Haina maana kwamba mikono yake ni misafi.

Tazama kiwanda cha majokofu cha Scharfenstein, Saxony. Mwaka 1992 Treuhand ilikuwa mbioni kukifilisi. Wahandisi wake walikuwa wameshughulikia jokofu lisilotumia gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, likipoozwa kwa mchanganyiko wa propani na butani. Watengenezaji wakubwa wa magharibi walilibeza, wakisema litalipuka. Greenpeace wakaagiza majokofu 10 ya majaribio, habari zikasambaa, wanunuzi wakamiminika, na Treuhand ikalazimika kusitisha ufilisi. Kampuni, iliyokuwa imechukua jina la Foron, ilifilisika hata hivyo mwaka 1996, kwa sababu washindani waliokuwa wakicheka walishaigeukia teknolojia hiyohiyo. Kama jokofu lako ni la miaka ya karibuni, angalia kibandiko cha nyuma: ukikuta R600a, hiyo ni gesi ya jamii ile ile.

Kisa cha Bischofferode, Thuringia, ndicho kinachouma zaidi. Kiangazi cha 1993 wachimbaji wa chumvi ya potashi waligoma kula wakipinga kufungwa kwa mgodi wao, wakisisitiza kwamba bidhaa yao ina soko. Treuhand ilikuwa imekubali kuunganisha migodi ya mashariki na kampuni ya magharibi ya Kali und Salz, tanzu ya BASF, kampuni kubwa ya kemikali, kwa mkataba uliofichwa. Mwisho wa mwaka mgodi ukafungwa. Watu walioelezwa kwamba soko ndilo litakaloamua wakaona mshindani wao ndiye aliyeketi mezani.

Mkuu wa Treuhand, Detlev Rohwedder, aliwahi kukadiria kwamba mali yote ilikuwa na thamani ya maki bilioni 600. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Düsseldorf tarehe 1 Aprili 1991. RAF, kundi la kigaidi la mrengo mkali wa kushoto, lilidai kuhusika. Birgit Breuel akachukua nafasi yake na kuongeza kasi ya mauzo. Hesabu ilipofungwa, badala ya faida palikuwa na deni la zaidi ya maki bilioni 250, nalo likabebwa na walipa kodi wa nchi nzima.

Lawama moja huwa inatiwa chumvi: kwamba kampuni ziliuzwa kwa maki 1. Ni kweli zipo, lakini mnunuzi alifunga mkataba wa kuwekeza na kubakiza idadi fulani ya wafanyakazi, na pengine alirithi madeni na udongo uliochafuliwa. Wapo waliotimiza na wapo waliokwapua mashine na kutoweka.

Lawama yenye uzito ni ya nani alinunua. Sehemu kubwa mno ya mali ilikwenda kwa Wajerumani wa magharibi. Wa mashariki, wasio na mtaji wala mikopo, waliambulia kipande kidogo. Rotkäppchen, watengenezaji wa mvinyo wa mapovu huko Freyburg, walinunuliwa mwaka 1993 na mameneja wao wenyewe pamoja na mwekezaji, na mwaka 2002 wakainunua Mumm ya magharibi. Hutajwa kila mara kwa sababu mifano ya namna hiyo ni michache.

Kwa hiyo makao makuu, faida na urithi vilibaki magharibi. Katika uchaguzi wa bunge wa Februari 2025 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kilipata asilimia 20.8 kitaifa, lakini kiliongoza katika majimbo yote matano ya mashariki. Uhamiaji ulichangia, na vita vya Ukraine pia. Hata hivyo, wanasiasa wa AfD, na wa Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, upande wa pili, wanajua vizuri kwamba ukiitaja Treuhand jukwaani, watu waliopoteza kazi wakiwa na miaka 45 watasikiliza, na watoto wao pia.