Ukija Malindi pitia na makaburini

Mgeni akishuka Malindi, tuktuk ya kwanza ni moja kwa moja mpaka nguzo ya Vasco da Gama, selfi mbili tatu, huyoo amerudi bichi. Sina ugomvi na Mreno wa watu, alifika 1498, msalaba upo na upepo wa pale ni mtamu. Lakini mimi kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale ya chokaa, na huwa nauliza, mbona mnamwona mgeni tu na wenyeji hamwendi kuwasalimia?

Wenyeji wako mji wa kale, kando ya Msikiti wa Jamia, makaburi mawili ya mnara, mmoja mrefu na mwenzake mfupi. Watu wanapita na mifuko ya samaki wala hawageuki. Haya makaburi ya mnara ni mambo yetu ya pwani hii, kuanzia Somalia mpaka huko Kaole na Kunduchi Tanzania, yaani kaburi limezungushiwa ukuta mfupi halafu kunapandishwa nguzo ya jiwe, nyingine duara, nyingine za pembe nane. Sio kila mtu alijengewa, hiyo ilikuwa ya wenye nafasi zao. Na tusidanganyane, wako masheikh wengi hawapendi kabisa kaburi kuinuliwa, huo mjadala ni wa zamani na haujaisha leo.

Ukitaka kufaidi, angalia mashimo. Makaburi mengi ya aina hii yalipambwa bakuli za Kichina, za kijani na zile za buluu na nyeupe, zinapachikwa chokaa ikiwa bado mbichi. Bakuli zenyewe sehemu nyingi zimeshang'olewa, ila ukichungulia vizuri ndani ya shimo unaona chokaa bado imeshika mviringo wa kitako cha bakuli, safi kabisa kama lilitolewa jana. Ukitaka kuziona bakuli zenyewe panda matatu za kwenda juu, vuka daraja la Sabaki, shuka Mambrui, pale kuna mnara una vyombo vya enzi za Ming, ukoo wa wafalme wa China. Bakuli limetoka China likaja na majahazi ya kaskazi likaishia juu ya kaburi Mambrui, we fikiria hiyo safari.

Gedi nako usikose, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kama kilomita 15 hivi kusini mwa Malindi. Kuna kaburi limeandikwa mwaka, 802 Hijria, yaani 1399, na hiyo tarehe moja ilimsaidia sana mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba pale 1948, maana ukishajua kaburi ni la lini unaweza kupanga na umri wa vigae vya vyungu vilivyolala juu na chini yake. Tangu 2024 Gedi iko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tiketi unakata getini.

Sasa kinachoniuma, saruji. Mtu ana nia njema kabisa anaona ufa kwenye kaburi la babu zake, ananunua mfuko mmoja anaziba, anapaka na rangi, anaondoka ameridhika. Jiwe la matumbawe linapumua, linanyonya maji na chumvi na kuyatoa, na chokaa inaliachia. Saruji inaziba, maji yanafungiwa ndani, chumvi inakauka humo na kulisukuma jiwe, baada ya misimu kadhaa ya mvua saruji iko pale imekaa ngumu lakini jiwe la nyuma yake limekuwa unga. Chokaa ni kazi, ndio, unachoma, unazima kwa maji, unaiacha ilale muda mrefu, lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Adabu mnaijua ila nakumbusha. Pale msikitini ni mahali pa ibada sio makumbusho, jisitiri, akina dada leso au mtandio uwe karibu, muulize mzee yeyote utakayemkuta barazani kabla hujatoa simu, usikalie kaburi wala usiegemee mnara kwa sababu ya picha. Toa salamu kwa waliolala. Na nenda alasiri, jua likiwa la pembeni nakshi zote zinajitokeza, saa sita huoni kitu. Ijumaa mchana usijaribu, barabara yote imejaa watu wanaenda kuswali na hata pa kusimamisha tuktuk hupati.