Albamu ya kutoboa ni ipi hasa? Tumwangalie Aretha Franklin wa 1967

Hili neno "albamu ya kutoboa" tunalitumia kila siku, ila naona watu wengi wanalichanganya na albamu ya kwanza, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Albamu ya kwanza ni hesabu tu, umetoa moja, basi ndo ya kwanza. Kutoboa ni mpaka kuwe na ukuta. Yaani msanii yupo, anaimba, anatoa kazi, waliomsogelea wanajua ana kitu, lakini sauti inagota hapohapo alipo, halafu inakuja albamu moja inapasua tundu na watu wa upande wa pili wanamsikia vizuri kwa mara ya kwanza. Inaweza kuwa ya pili, inaweza kuwa ya kumi.

Na tukisema albamu ya studio tunamaanisha nyimbo zilizorekodiwa studio kwa ajili ya kazi hiyo, sio shoo ya jukwaani iliyorekodiwa wala mkusanyiko wa vibao vya zamani. Hilo lina uzito wake kwenye hii mada, manake studio ndiko watu wanakaa wanaamua: nani apige nini, wimbo uanze vipi, mwimbaji akae wapi. Shikeni hapo pa kukaa, ntaparudia.

Kwa muziki wa soul, ule wa Wamarekani Weusi wenye mizizi kanisani, sijaona mfano ulionyooka kama Aretha Franklin na albamu yake ya "I Never Loved a Man the Way I Love You", iliyotoka Machi 1967.

Aretha alizaliwa Memphis mwaka 1942 akakulia Detroit, baba yake ni mchungaji C. L. Franklin wa kanisa la New Bethel Baptist, mhubiri ambaye mahubiri yake yaliuzwa kwenye santuri Marekani nzima. Mtoto akajifunza piano kwa kusikiliza tu, na akiwa na miaka 14 tayari amerekodiwa akiimba nyimbo za injili kanisani kwa baba yake. Mwaka 1960, ana miaka 18, akasaini na lebo ya Columbia, aliyemchukua ni John Hammond, mtu mwenye sikio kwelikweli. Akakaa pale mpaka 1966. Na albamu zilitoka, sio moja sio mbili, wakampa jazi, wakampa nyimbo za majukwaa ya tamthilia, wakamzungushia vinanda vya nyuzi vingi, sauti ipo na ni nzuri tu, lakini ukisikiliza unaona kabisa huyu mtu amevalishwa nguo ya mtu mwingine. Mwaka 1961 wimbo wake mmoja ulifika nafasi ya 37 kwenye chati kubwa ya Marekani, na kwa miaka yote ile ya Columbia hakupanda juu ya hapo. Huo ndo ukuta ninaousema.

Mkataba ulipoisha akahamia Atlantic kwa prodyuza Jerry Wexler, na Januari 1967 wakaenda Muscle Shoals, mji mdogo kule Alabama, studio ya FAME ya Rick Hall. Wapigaji wale walikuwa vijana wa Kizungu wa kusini, na wimbo wa kwanza, ule wenye jina la albamu, ukawasumbua, hawajui waushike vipi, mpaka Spooner Oldham kwenye piano ya umeme akapata kile kipande kifupi cha kuanzia, kinajikokota, kinasita, kinarudi. Usikilize kwa hedfoni mtanielewa. Kinanda kinasita alafu Aretha anaingia mtu mmoja tu, hana haraka hata kidogo, na nyuma yake yeye mwenyewe anagonga piano kama alivyokuwa anagonga kanisani. Wexler alikuja kulieleza jambo hili kwa ufupi sana, kwamba alichofanya ni kumpeleka kanisani, akamkalisha kwenye piano, akamwacha awe yeye. Kwangu mimi maana yote ya kutoboa imelala hapo. Sauti haikubadilika, mtu amebadilishiwa kiti.

Sasa siku hiyohiyo mambo yakaharibika. Mume wake Ted White na mpiga tarumbeta mmoja walikuwa wanakunywa, maneno yakaanza, usiku Rick Hall akaenda hotelini kutaka kuyamaliza ikawa vurugu zaidi, asubuhi safari imekufa. Mkononi kuna wimbo mmoja uliokamilika na mwingine, "Do Right Woman, Do Right Man", ambao ulikuwa mifupa tu. Wexler akawapelekea watangazaji wa redio huo mmoja, wakaupiga, watu wakautaka, na santuri haiwezi kutoka manake upande wa pili hauna wimbo! Mpaka Aretha alipokuja New York na dada zake Carolyn na Erma, akaumalizia ule uliobaki kwa kupiga piano na ogani yeye mwenyewe, wao wakaitikia.

Wapigaji wa Alabama wakaitwa New York, na tarehe 14 Februari wakarekodi "Respect". Wimbo ni wa Otis Redding, aliutoa 1965, na kwake ni mwanaume amerudi nyumbani anadai heshima. Aretha akaugeuza mdai awe mwanamke, akaongeza kile kipande cha kulitaja neno herufi moja moja, na dada zake wakawa wanaitikia kama kwaya inavyomjibu mchungaji. Mpaka leo ukiwauliza watu wimbo huo wengi watakuimbia hizo herufi, ambazo kwa Otis hazimo kabisa.

Matokeo mnayajua. Wimbo wa kwanza uliingia kumi bora ya chati kubwa na kushika namba 1 ya R&B, chati ya muziki wa Wamarekani Weusi, "Respect" ikawa namba 1 kotekote, albamu ikapanda mpaka namba 2 kwenye chati ya albamu. Ila naomba tusianzie kwenye namba tukitafuta maana, kuna albamu kibao zinauza na msanii hajatoboa popote, msimu ukiisha zinasahaulika. Mimi huwa naangalia kitu kimoja, je baada ya hiyo albamu mtu anaweza tena kumchanganya huyu mwimbaji na mwingine? Aretha wa Columbia unaweza kumsikia ukauliza ni nani huyu. Aretha wa 1967 huulizi.

Otis mwenyewe aliliona mapema. Juni 1967, mwezi uleule ambao "Respect" ya Aretha ilikuwa juu ya chati, alipanda jukwaani kwenye tamasha la Monterey kule California, akautambulisha wimbo aliouandika yeye kwa kusema kuna msichana, rafiki yake mzuri, amemchukulia. Alafu akauimba kwa nguvu zake zote.